Chui Msituni, Heroe Matopeni: Hifadhi za Wanyama na Ndege Kandokando ya Jiji la Mumbai

Mumbai, jiji kubwa la pwani ya magharibi ya India ambalo vizazi vya mabaharia na wafanyabiashara wa Lamu, Mombasa na Zanzibar vililijua kwa jina lake la zamani la Bombay, hutajwa mara nyingi kwa bandari yake, filamu zake na msongamano wa treni zake, na ni nadra kutajwa kwa wanyamapori. Hata hivyo, watu zaidi ya milioni 12 waliohesabiwa ndani ya mipaka ya manispaa yake katika sensa ya mwaka 2011 wanaishi jirani kabisa na chui wa porini, ambao hawakufungiwa wala hawalishwi na mtu, na kandokando ya hori ambako kila mwaka heroe, ndege wale wa miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi, hukusanyika kwa idadi inayozidi laki moja.

Ni kawaida kudhani kwamba maeneo ya namna hii ni masalio ya pori ambayo jiji bado halijayafikia. Historia ya Mumbai inaonyesha jambo la kushangaza zaidi, kwamba karibu kila hifadhi iliyo jirani nalo imesalimika kwa sababu ya jiji lenyewe au ya watawala wake: msitu wa chui ulilindwa kwanza kwa ajili ya maji ya kunywa, heroe walivutwa na maji taka, bustani moja mashuhuri imesimama juu ya jaa la zamani, na msitu ulio mbali zaidi uliwahi kuwa uwanja wa kuwindia wa nawabu. Mgeni anayezitembelea akitafuta pori lisiloguswa na mkono wa mtu atarudi na malalamiko, ilhali yule anayetaka kuelewa jinsi watu na wanyama wanavyogawana ardhi finyu atakuta mambo ya kumtosha wiki nzima.

Mahali pa kuanzia ni Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, ambayo zamani iliitwa Borivali kwa jina la kitongoji kilicho langoni mwake. Hifadhi hii ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 104, na imezungukwa na majengo karibu pande zote, hata mtu aliyepanda juu ya vilima vyake huona mnara wa ghorofa popote anapogeukia. Msafiri hushuka katika kituo cha treni cha Borivali na kufika langoni kwa mwendo mfupi wa miguu au wa bajaji, jambo linaloeleza kwa nini idadi ya wageni wake, inayotajwa kuwa zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, ni kubwa kuliko ile ya mbuga nyingi zenye umaarufu mkubwa zaidi.

Katikati ya msitu huo yapo maziwa mawili, Vihar na Tulsi, na yote mawili ni mabwawa yaliyojengwa na watu. Hadi katikati ya karne ya 19 wakazi wa Bombay walitegemea visima na vidimbwi, vilivyokauka au kuchafuka mvua zilipochelewa, na serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamua kuuzuia mto Mithi kwenye vilima vya kaskazini na kuleta maji mjini kwa mabomba. Bwawa la Vihar lilianza kutoa maji mwaka 1860, na la Tulsi likafuata mwaka 1879. Ili maji yabaki safi, vilima vilivyoyazunguka havikuweza kuachwa viwe mashamba, malisho au makazi, na kwa njia hiyo mlinzi wa kwanza wa msitu akawa mhandisi wa maji. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja miongo mingi baadaye, pamoja na kuongezwa kwa misitu ya jirani. Maziwa hayo yangali yanalihudumia jiji, ingawa kwa sehemu ndogo tu ya mahitaji yake, na Vihar linajulikana pia kwa mamba wanaoota jua kingoni.

Wahandisi wa Kiingereza hawakuwa wa kwanza kuyawazia maji ya vilima hivyo. Ndani kabisa ya hifadhi yapo mapango ya Kanheri, ambayo ni vyumba, kumbi za ibada na makao 109 yaliyochongwa na watawa wa Kibudha ndani ya basalti, yaani mwamba mweusi uliotokana na volkano, kuanzia yapata karne ya kwanza kabla ya Kristo na kuendelea kwa takriban miaka elfu moja. Mgeni huvutwa na sanamu kubwa za Budha zilizo katika pango la tatu, lakini mwenye kuinama akatazama chini ya miguu yake ataona kitu kingine cha kustaajabisha: mifereji myembamba iliyochongwa juu ya mwamba, ikikusanya maji ya mvua kutoka mteremkoni na kuyapeleka kwenye matangi yaliyo kando ya milango ya mapango, ili watawa wapate kunywa katika miezi minane ya ukame.

Ukame huo na mvua inayoukatiza ndivyo vinavyoamua mgeni ataona nini. Mvua ya Mumbai, ambayo kwa mwaka huzidi milimita 2,000, hunyesha karibu yote kati ya Juni na Septemba, ikiletwa na pepo zile zile ambazo Waswahili huziita kusi. Kuanzia Februari mitiki na miti mingine mingi hupukutisha majani, msitu ukawa mkavu na wenye kuonekana mbali, na huo ndio wakati mwafaka wa kuwaona wanyama kama chital na sambar, ambao ni jamii ya paa wenye pembe za matawi. Baada ya mvua, kati ya Septemba na Novemba, mtu hatafuti wanyama wakubwa bali hutazama kilicho karibu na uso wake, kwa kuwa buibui wakubwa wa msituni hutanda nyavu zao katikati ya njia. Jike la buibui huyu, likinyoosha miguu, hutosha kuujaza mkono wa mtu mzima, na uzi wake, jua linapoupiga asubuhi, hung'aa kwa rangi ya dhahabu. Pembeni mwa wavu uo huo huonekana kitu kidogo chekundu, ambacho mgeni hudhani ni mawindo yaliyonaswa, kumbe ni dume lake. Kila baada ya miaka minane msitu hutoa pia onyesho la pekee, wakati kichaka kiitwacho karvy kinapochanua maua ya zambarau mlima mzima kwa wakati mmoja, kisha kikazaa mbegu na kufa. Maua hayo yalionekana mwaka 2008, 2016 na 2024, na yanatarajiwa tena 2032.

Ndege walioorodheshwa katika hifadhi hiyo ni zaidi ya spishi 250. Wanaofahamika kwa wepesi ni shore, chozi, hondohondo wa kijivu na mlamba mwenye manyoya mawili marefu ya mkia yaliyo kama vijiti vyenye kijiko mwishoni, ndege hodari wa kuigiza sauti za ndege wengine hata akamchanganya mtazamaji mwenye uzoefu. Njia iitwayo Shilonda, inayofuata kijito chembamba, ndiyo inayopendwa na watazama ndege, na kuiingia huhitaji kibali na kiongozi. Lango hufunguliwa asubuhi mapema kwa ajili ya watembeaji, na siku ya Jumatatu shughuli za wageni hufungwa. Yapo pia mabasi yenye nondo madirishani yanayowapeleka watu kutazama simba na chui-milia waliofugwa ndani ya uzio. Watoto hufurahi, lakini huo ni ufugaji, na mwenye muda mchache afadhali autumie Kanheri au Shilonda.

Chui hawamo ndani ya uzio wowote, na mgeni wa mchana hatarajiwi kuwaona, kwa sababu wamejifunza kutembea watu wanapolala. Sensa za kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita zilitambua chui 35 katika hifadhi na viunga vyake mwaka 2015, kila mmoja akijulikana kwa mpangilio wa madoa yake, ambao haufanani kwa chui wawili. Idadi hiyo, kwa eneo dogo kama hilo, ni miongoni mwa misongamano mikubwa ya chui duniani, na sababu yake si wingi wa paa peke yake, bali pia ni mbwa. Mitaa inayopakana na msitu ina taka nyingi, taka huwalisha mbwa wasio na wenyewe, na mbwa huwalisha chui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba chui wa hifadhi hiyo hula mbwa wapatao 1,500 kwa mwaka, na watafiti wake walieleza kwamba kwa kufanya hivyo huwapunguzia watu hatari ya kung'atwa na kuambukizwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao nchini India bado unaua watu wengi.

Ujirani huo haukuwa wa amani nyakati zote. Mwaka 2004 chui waliua watu kadhaa kando ya hifadhi, wengi wao ndani ya majuma machache ya mwezi Juni, na hofu ikatanda jijini. Wanasayansi waliochunguza mfululizo huo walielekeza kidole kwenye desturi iliyoonekana kuwa ya huruma na busara, ile ya kuwatega chui walioonekana karibu na makazi, hata wale wa wilaya za mbali, na kuwaachia ndani ya misitu ya hifadhi. Chui ana himaya yake anayoijua kila kichaka, na akitupwa mahali pageni hutangatanga, hugombana na wenyeji wake na kujaribu kurudi alikotoka, akipita katikati ya watu. Na kule alikoondolewa, nafasi yake hujazwa upesi na chui mwingine, mara nyingi kijana asiyejua njia salama. Kuanzia mwaka 2011 idara ya misitu, pamoja na watafiti na raia wa kujitolea, waligeuza mwelekeo: utegaji ulipunguzwa, na nguvu zikaelekezwa katika kuzoa taka, kuweka taa karibu na vyoo vya nje, kuwafundisha polisi namna ya kutawanya umati chui anapoonekana, na kuwaomba waandishi wa habari waache kumwita mnyama huyo muuaji kila anapopita mtaani. Mashambulizi hayajakoma kabisa, lakini yamepungua sana kuliko ya miaka ile.

Wapo waliolijua somo hilo kabla ya watafiti. Ndani na kando ya msitu huo, ukiwemo ukanda wa Aarey uliotengwa mwaka 1949 kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, wanaishi Wawarli, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa maeneo hayo, ambao huabudu mungu aitwaye Waghoba mwenye sura ya chui au chui-milia na kumtolea sadaka ili awalinde wao na mifugo yao. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Bombay, ikisikiliza shauri lililofunguliwa na watetezi wa mazingira, iliamuru waliovamia ardhi ya hifadhi waondolewe, na maelfu ya vibanda vilibomolewa katika miaka iliyofuata. Uamuzi huo uliunusuru msitu, nalo ni jambo lisilopingika. Lakini waliolipa gharama yake ni maskini kwa sehemu kubwa, na mwaka 2019, miti zaidi ya elfu mbili ilipokatwa usiku huko Aarey ili kujenga karakana ya treni, wengi waliuliza kwa nini sheria ina meno makali zaidi kwa mwenye kibanda kuliko kwa mwenye mradi.

Kusini kidogo, katika kitongoji cha Goregaon, msitu huo unapakana na kituo cha elimu cha Jumuiya ya Historia ya Asili ya Bombay, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1883 na kikundi kidogo cha wapenzi wa viumbe, ambayo ndiyo mama wa elimu ya ndege nchini India. Salim Ali, aliyezaliwa Bombay mwaka 1896, aliingia katika ofisi zake akiwa mtoto wa takriban miaka 12, akiwa ameshika shomoro mwenye doa la manjano kooni aliyemtungua kwa bunduki ya mchezo na asiyeweza kumtambua. Katibu wa jumuiya alimpokea, akamweleza jina la ndege yule na kumfungulia makabati ya vielelezo. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha ndege wa India kilichochapishwa mwaka 1941, ambacho hadi leo hutolewa upya, na hadi kifo chake mwaka 1987 hakuwapo mtu aliyejulikana zaidi katika taaluma hiyo nchini mwake. Jumuiya huandaa matembezi yenye viongozi, na kwa mgeni asiyejua ndege wa Asia hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo ya kuanza kujifunza.

Katikati ya jiji, kando ya mto Mithi na mkabala na mtaa wa Dharavi, ipo Bustani ya Asili ya Maharashtra. Ardhi yake, ya takriban hekta 15, ilikuwa jaa la manispaa hadi mwaka 1977. Udongo ukamwagwa juu ya taka, miti ikapandwa, na mwaka 1994 milango ikafunguliwa kwa umma. Saa moja au mbili zinatosha kuizunguka, na vipepeo wake ni wengi kuliko mtu anavyotarajia.

Upande wa mashariki wa jiji ndiko kwenye Hori la Thane, mkono wa bahari wenye urefu wa takriban kilomita 26 unaoitenga Mumbai na bara. Mgeni wa Kiswahili atajisikia nyumbani kwa haraka, kwa kuwa mti uliotawala kingo za hori hilo ni mchu, ule ule wa Lamu na Rufiji, wenye mizizi ya kupumulia inayochomoza matopeni kama penseli zilizochomekwa wima. Mikoko hii ilikatwa ovyo kwa miongo mingi, hadi mwaka 2005 Mahakama Kuu ilipozuia ukataji na ujenzi ndani yake katika jimbo zima la Maharashtra. Mwezi Julai mwaka huo huo Mumbai ilipigwa na mvua ya milimita 944 kwa siku moja, mto Mithi ukafurika, mamia ya watu wakafa, na hata wasiojali ndege walianza kuelewa kwamba mahali pa maji kupumzikia pana thamani. Idara maalumu ya mikoko iliundwa mwaka 2012. Ndani ya vichaka hivyo huishi mbweha wa dhahabu, ambao wakazi wa ghorofa za jirani husikia milio yao usiku bila kujua inatoka wapi.

Heroe hawakuwapo hapo zamani kwa wingi. Walianza kuonekana kwa maelfu katika miaka ya 1990, kwenye tope la Sewri, mahali palipozungukwa na gati, maghala na matangi ya mafuta, na maelezo yanayokubalika na wengi hayapendezi masikioni: jiji humwaga kiasi kikubwa cha maji taka katika hori, maji hayo yamejaa naitrojeni na fosforasi, na virutubisho hivyo huotesha kwa wingi vijiumbe vya kijani-buluu viitwavyo sianobakteria, ambavyo ndivyo chakula cha heroe mdogo. Ndege huyu huinamisha kichwa hadi mdomo wake ukae juu chini ndani ya maji, kisha ulimi wake, ambao ni mnene na wenye nguvu, husukuma maji nje na kuyavuta ndani mara kadhaa kwa sekunde, huku kingo za mdomo zilizo na vinyweleo vigumu zikichuja vijiumbe hivyo. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho, chenye kemikali za jamii ya ile inayoipa karoti rangi yake. Heroe mkubwa, aliye mrefu na mweupe zaidi, hula vidudu na kambamti wadogo, na makundi ya aina zote mbili huchanganyika.

Msomaji wa Afrika Mashariki atawaza mara moja Ziwa Natron, ambako sehemu kubwa ya heroe wadogo wote wa dunia huzaliana. Heroe wa Mumbai, hata hivyo, huhesabiwa kuwa kundi jingine la spishi ile ile, ambalo mazalia yake yako kwenye jangwa la chumvi la Kutch katika jimbo la Gujarat, kaskazini mwa jiji. Vifaa vya satelaiti walivyofungwa baadhi yao mwaka 2022 vimeonyesha safari hizo kati ya hori na Gujarat. Hufika Mumbai kuanzia Oktoba au Novemba, wakazidi kuongezeka hadi Machi, na kuondoka mvua zinapokaribia.

Mwaka 2015 serikali ya jimbo ilitangaza kilomita za mraba zipatazo 17 za hori hilo kuwa Hifadhi ya Heroe ya Hori la Thane, na mwaka 2022 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 1971 katika mji wa Iran wenye jina hilo. Huko Airoli kipo kituo cha wageni ambacho boti zake huingia ndani ya hori zikiwa na viongozi, na ratiba yake haifuati saa ya ofisi bali hufuata kupwa na kujaa kwa maji. Hili ndilo jambo la kwanza la kuulizia kabla ya kukata tiketi. Maji yakipwa kabisa, hasa siku za bamvua, tope hufunuka mbali na ndege wakawa vidoa vya waridi visivyofikiwa hata kwa darubini nzuri. Maji yakijaa kabisa, hawana pa kusimama na huruka kwenda kwingine. Wakati mzuri ni ule wa katikati, maji yanapopanda polepole na kuwasukuma ndege kuelekea ukingoni, ambapo mtazamaji aliyetulia huweza kusikia hata mnong'ono wa midomo yao ikichuja maji. Pamoja nao huonekana yangeyange, domomwiko, korongo wa rangi mchanganyiko na vitwitwi wa aina nyingi waliotoka kaskazini ya mbali.

Swali la huko kwingine wanakoruka ndilo linalofichua kasoro ya hifadhi. Maji yanapojaa, heroe hupumzika kwenye vidimbwi vya Navi Mumbai, mji pacha ulio upande wa pili wa hori, ambavyo vingi havimo ndani ya mpaka wa hifadhi na kwa miaka mingi vimegombaniwa kati ya wapangaji wa mji, wanaoviona kuwa viwanja, na wakazi wanaotaka vibaki na maji. Mpaka uliochorwa kwenye tope peke yake humlinda ndege nusu ya siku, na nusu iliyobaki huiacha kwa hisani ya majirani. Tarehe 20 Mei 2024, kundi lililokuwa likiruka usiku liligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua, na mizoga ya heroe karibu 40 ikadondoka katika mitaa ya Ghatkopar. Wataalamu bado wanabishana kama ni usumbufu vidimbwini uliowarusha saa ile. Huko Sewri nako daraja la bahari lenye urefu wa kilomita 21.8, lililofunguliwa Januari 2024, linaanzia pale pale ambapo watu walizoea kusimama kutazama heroe, na sehemu kubwa ya ndege imehamia ndani zaidi ya hori.

Mwenye siku ya ziada huvuka hori na kuelekea kusini kwa barabara ya Goa hadi Hifadhi ya Ndege ya Karnala, karibu na mji wa Panvel, iliyotengwa mwaka 1968. Ni msitu mdogo unaopanda kuelekea ngome ya kale iliyo juu ya mlima, ambayo katikati yake umesimama mwamba mrefu kama kidole gumba, wenye makundi ya nyuki wakubwa wanaowafanya wapandaji waende kwa adabu. Watazama ndege wengi huja Desemba na Januari, wakati wageni wa majira ya baridi wamefika, lakini sifa ya Karnala inatokana na mwezi ambao watalii wengine hukaa ndani. Mvua za Juni zinapolainisha kingo za vijito, huja mdiria mdogo wa vidole vitatu, ndege wa takriban sentimita 13, mwenye tumbo la manjano, mgongo wenye mng'ao wa zambarau na mdomo mwekundu unaoonekana mkubwa kuliko anavyostahili. Jozi huchimba tundu refu katika udongo wa ukingo, kisha hutumia wiki kadhaa ikiwaletea makinda vyura, kaa wadogo, buibui na mijusi, kila windo likipondwa kwanza juu ya tawi. Wapiga picha wamekuwa wengi mno mbele ya matundu hayo, na jozi iliyozongwa huogopa kuingia na chakula. Mgeni mwenye staha hutazama kwa mbali, akaondoka mapema.

Majira hayo hayo ndiyo huleta kekeo mweusi na mweupe mwenye kishungi, anayevuka bahari kutoka Afrika akisukumwa na kusi, na ambaye kuonekana kwake Mumbai mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni hupokewa kama habari ya mvua. Hekaya za Kihindi humwita chatak na kudai kwamba hanywi ila matone yanayoanguka kutoka mbinguni. La kweli ni kwamba hutaga mayai katika viota vya ndege wengine na kuwaachia kazi ya ulezi. Mnamo Novemba na Desemba safari huwa ya upande wa pili. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayezaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupita juu ya milima ya Lonavala, karibu na Mumbai, kisha huvuka Bahari ya Arabu bila kutua hadi Somalia, akibebwa na kaskazi, na kuendelea kupitia Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Wataalamu wanaamini kwamba njiani hula kereng'ende, ambao nao wanavuka bahari ile ile kwa upepo ule ule.

Hifadhi ya mwisho, Phansad, iko umbali wa takriban kilomita 150 kwa barabara, kusini, karibu na mji wa Murud. Msitu huu ulikuwa uwanja wa kuwindia wa manawabu wa Janjira, watawala wa ukoo wa Siddi wenye asili ya Afrika, ambao ngome yao iliyojengwa baharini haikuwahi kutekwa na mahasimu wao, Wamaratha, na ambao utawala wao ulikoma mwaka 1948 Janjira ilipojiunga na India. Kwa kuwa mawindo yalikuwa haki ya nawabu, miti ilibaki, na mwaka 1986 ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori. Mnyama wake mashuhuri ni kuchakuro mkubwa, mwenye manyoya ya hudhurungi na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, ambaye ndiye mnyama wa nembo ya jimbo la Maharashtra na ambaye hushuka ardhini kwa nadra sana. Katika ukanda huo wa pwani wamesalia pia tumbusi wachache, baada ya wenzao kufa karibu wote kote India kutokana na kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoua figo za tumbusi na ambayo matumizi yake kwa mifugo yalipigwa marufuku mwaka 2006.

Visima vya asili vya Phansad huitwa gaan na wenyeji, na Aprili na Mei, majani yanapokuwa yamepukutika na vijito vimekauka, ndivyo vinavyobaki na maji. Watazamaji huketi karibu navyo kuanzia alfajiri, kabla jua halijawa kali, wakisubiri sambar, nguruwe mwitu na njiwa wa kijani. Njia nzuri ya kwenda ni ile ya feri, kutoka Mumbai hadi gati ya Mandwa, kisha basi au gari kupitia Alibag, na ni vizuri kuuliza mapema, kwa kuwa feri nyingi za Mandwa husimama miezi ya mvua bahari inapochafuka.